Elijah Masinde: Nabii aliyepelekwa Mathari

WATU wa magharibi mwa Kenya hulikumbuka jina la Elijah Masinde kwa mambo matatu: kandanda, Dini ya Msambwa na jela. Jambo la nne hutajwa kwa haraka, wakati mwingine kwa kicheko, kisha masimulizi yakasonga mbele. Kuanzia mwaka 1945 hadi Mei 1947, mtu huyu alizuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, bila hiari yake, kwa uamuzi wa serikali ya mkoloni.

Jambo hilo la nne linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko yale matatu. Swali lililoulizwa juu ya Masinde wakati huo huulizwa hadi leo katika hospitali za Kisumu, Homa Bay na Siaya, kila jamaa wanapomleta ndugu yao aliyefungwa kamba mikononi na ambaye hataki kulazwa. Ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtu fulani ana wazimu, na kwamba wazimu huo unatosha kumnyang'anya uhuru wake?

Masinde alizaliwa yapata mwaka 1910 katika eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon, katika jamii ya Wabukusu. Siku hizo Kimilili ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, na wilaya hiyo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Nyanza. Makao makuu ya mkoa yalikuwa Kisumu, mji uliokua kando ya ziwa baada ya reli kufika hapo mwaka 1901. Mkuu wa Mkoa aliketi Kisumu, na habari za fujo, za dini mpya na za machifu waliochukiwa zilimfikia hapo kutoka pembe zote za Nyanza, kuanzia Gusii hadi mpaka wa Uganda.

Jamii aliyozaliwa ndani yake ilikuwa bado na kidonda kibichi. Mwaka 1895, yapata miaka kumi na mitano kabla ya kuzaliwa kwake, Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza na kushindwa katika ngome ya Chetambe, karibu na mahali paitwapo Webuye siku hizi. Wengi waliuawa. Baadaye waliwekewa watawala kutoka nje ya jamii yao, na ardhi ya Trans Nzoia iliyokuwa jirani ikagawiwa walowezi. Mtoto aliyekulia Kimilili alizisikia habari hizi jikoni na malishoni kabla ya kuzisoma popote.

Ujana wake haukuonyesha dalili ya uasi. Alisoma kwa wamishonari wa Friends, maarufu kama Wakweka, akawa muumini wao. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akaiongoza timu ya Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyokuwa makubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Aidha, alifanya kazi ya tarishi katika baraza la mahakama ya wenyeji, akipeleka hati za kuwaita watu shaurini. Kwa maneno mengine, aliifahamu sheria ya mkoloni kutoka ndani.

Mgongano wa kwanza ulikuwa na kanisa. Katikati ya miaka ya 1930 alioa mke wa pili, na wamishonari wakamsimamisha. Kwa wanaume wengi wa rika lake hilo lilikuwa jambo la kawaida, na wengi walitafuta kanisa jingine. Masinde alienda mbali zaidi. Alianza kuuliza kwa nini Mungu wa wazee wake aonekane mdogo kuliko Mungu wa wageni, na kwa nini mizimu ya ukoo, ambayo Wabukusu huiita misambwa, iitwe ushetani.

Kufikia mwaka 1943, yeye na wenzake, wakiwemo Benjamin Wekuwile na Joash Walumoli, walikuwa wameanzisha Dini ya Msambwa. Waumini waliomba wakielekea Mlima Elgon, walitoa kafara, na walisoma Biblia pia. Mafundisho yao yalikuwa na upande wa pili ambao serikali haikuweza kuufumbia macho: Wazungu waondoke, ardhi irudi kwa wenyewe, na Waafrika wajitawale.

KUKATAA AMRI

Hiyo ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ilihitaji askari, vibarua wa mashamba ya walowezi na chakula. Machifu waliamriwa kutafuta watu, na Chifu Amutalla wa Kimilili alikuwa mmoja wa wale waliotekeleza amri hizo kwa bidii. Wakulima waliamriwa pia kung'oa magugu yaliyotangazwa kuwa hatari kwa mashamba. Masinde alikataa kung'oa. Mwaka 1944 alipambana na watu wa chifu waliokuja kuwachukua vijana kwa kazi ya lazima.

Alifikishwa mahakamani na kutakiwa kuweka dhamana kwamba angedumisha amani. Akakataa hilo pia. Mtu wa kawaida huogopa jela, hutia sahihi na kwenda nyumbani. Huyu hakuogopa, na maneno aliyoyasema juu ya utawala na juu ya Mungu yaliwashangaza maofisa. Hapo ndipo swali lilipobadilika. Badala ya kuuliza amevunja sheria gani, waliuliza kama akili zake ni timamu. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari.

Ni vyema msomaji akaelewa sheria iliyotumika zama hizo. Tangu hospitali hiyo ilipofunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, Kenya ilitumia sheria ya India ya mwaka 1858 kuhusu hifadhi za wendawazimu. Sheria hiyo ilimtaka polisi amkamate mtu anayezurura ambaye anadhaniwa kuwa na wazimu, au anayeaminika kuwa hatari kwa sababu ya wazimu, na kumpeleka kwa hakimu. Hakimu alimchunguza kwa msaada wa daktari wa serikali. Daktari akitia sahihi cheti, na hakimu akiridhika, mtu huyo alipelekwa hifadhini.

Ukiisoma sheria hiyo juu juu, utaona ina kinga mbili: hakimu na daktari. Polisi peke yake hawezi, na daktari peke yake hawezi. Hata hivyo, katika wilaya za koloni kinga hizo zilikuwa nyembamba. Mkuu wa Wilaya ndiye aliyekuwa pia hakimu. Daktari aliajiriwa na serikali ile ile. Chifu aliyelalamika aliteuliwa na serikali ile ile. Mtuhumiwa hakuwa na wakili, na mara nyingi alizungumza kupitia mkalimani. Mikono mitatu ilitia sahihi, lakini bwana wa mikono hiyo alikuwa mmoja.

Tena sheria haikueleza wazimu ni nini. Iliachia daktari, na daktari aliachia elimu ya wakati wake. Elimu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida aliyekabidhiwa hospitali hiyo bila kuwa amesomea maradhi ya akili kwanza. Baadaye akawa maarufu duniani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha maoni yake juu ya chanzo cha Mau Mau. Aliamini kwamba ubongo wa Mwafrika hautumii vyema sehemu yake ya mbele, na aliyaeleza malalamiko ya siasa kana kwamba ni matatizo ya nafsi. Daktari Frantz Fanon alimkosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961, na wataalamu wa leo wameyatupa mafundisho hayo.

Hatusemi kwamba kila aliyelazwa Mathari enzi hizo alikuwa mzima. Wengi walikuwa wagonjwa wa kweli, na pengine pasingekuwepo mahali pengine pa kuwalisha. Tunachosema ni kwamba kipimo kilichotumiwa hakikuweza kumtofautisha mgonjwa na mpinzani, hasa pale mpinzani aliponena kwa lugha ya unabii.

MANABII WA ZIWA

Masinde hakuwa wa kwanza Nyanza kunena kwa lugha hiyo. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego, si mbali na ufuo wa ziwa, alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani alimmeza na kumtapika, kisha akampa ujumbe: Wazungu wataondoka, na watu warudie mila zao. Imani hiyo ya Mumbo ilienea hadi Gusii, na baadhi ya viongozi wake walihamishiwa Lamu. Mwaka 1934, Alfayo Odongo Mango, mhubiri wa kundi la Roho, aliuawa kwa moto pamoja na wafuasi wake kule Musanda, katika mgogoro uliochanganya imani na ardhi.

Kwa mtawala aliyeketi Kisumu, habari za aina hii zilikuwa na sura moja: watu wanaosikia sauti. Kwa wakazi wa ufuo, kusikia wito kutoka ziwani au mlimani lilikuwa jambo lenye mahali pake. Lilikuwa na wazee wa kulipima, lilikuwa na desturi za kulipokea, na lilikuwa na watu waliolikataa hadharani na kumwita mwenye wito mwongo.

Hapa ndipo utabibu wa leo unapotofautiana kabisa na ule wa 1945. Daktari wa akili hufundishwa kwamba imani haiwi dalili ya ugonjwa kwa sababu tu daktari mwenyewe haiamini. Huuliza kama imani hiyo inashirikiwa na watu wa jamii ya mgonjwa. Huuliza kama mtu huyo amebadilika kuliko alivyokuwa, kama halali, kama hali, kama ameshindwa kuwatunza wanawe au kuiendesha shughuli yake. Masinde alikuwa na maelfu ya wafuasi waliomwelewa vizuri. Alipanga mikutano, alituma wajumbe, alikumbuka ahadi na kuchagua wasaidizi. Anaweza kuitwa mkorofi, na wako Wabukusu waliomwita hivyo. Lakini ukorofi si ugonjwa.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa na serikali yenyewe. Masinde aliachiliwa Mei 1947. Septemba mwaka huo alikusanya maelfu ya watu Chetambe, wakatoa kafara na kuwaombea wazee waliouawa 1895. Februari 1948 mambo yaliharibika. Tarehe 10 mwezi huo polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Malakisi, na watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akasakwa na kukamatwa.

Safari hii hakurudishwa Mathari. Alipelekwa Lamu kama mfungwa wa siasa, na baadaye Marsabit. Mtu yule yule, mwenye mafundisho yale yale, ambaye mwaka 1945 alihesabiwa kuwa mgonjwa, mwaka 1948 alihesabiwa kuwa adui mwenye akili timamu. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuugua na kupona. Lakini hapa maneno yake hayakubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa umati uliomfuata na haja ya serikali.

Moto aliouwasha haukuzimika kwa kumwondoa. Mwaka 1950, Lukas Pkiech, Mpokot aliyekuwa ameipokea imani hiyo, aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi katika mapambano na polisi kule Kolloa, Baringo. Maofisa Wazungu walikufa pia.

Masinde aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukikaribia. Wengi walitarajia kwamba serikali ya wananchi ingemkumbatia. Dini yake iliruhusiwa kwa muda, kisha ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Alikamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja chini ya Rais Jomo Kenyatta, na hata baada ya Rais Daniel arap Moi kushika madaraka mwaka 1978 hakupata utulivu wa muda mrefu. Alifariki dunia Juni 1987, akiwa mzee aliyezijua jela za serikali ya mkoloni na za serikali ya Waafrika.

Kuna tofauti moja ambayo yafaa kuzingatiwa. Jela ina hukumu na hukumu ina tarehe ya kumalizika. Mfungwa hubaki na maneno yake, na anaweza kusema kwamba ameonewa. Aliyetiwa chapa ya wazimu hana tarehe, na kila anapolalamika, malalamiko yake huandikwa kama dalili nyingine. Hasira yake huwa ushahidi, na ukimya wake huwa ushahidi vile vile. Ndiyo sababu adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko Lamu, ingawa haikuitwa adhabu.

SHERIA YA LEO

Sheria ya India ya 1858 iliondolewa na sheria mpya ya mwaka 1949, miaka miwili baada ya Masinde kutoka Mathari. Mwaka 1989, miaka miwili baada ya kifo chake, Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, iliyoanza kutumika 1991. Ndiyo iliyoleta mgawanyo unaojulikana na wauguzi hadi sasa: mgonjwa anayejitolea, mgonjwa anayelazwa bila hiari kwa ombi la mwenzi wa ndoa au jamaa, na yule anayechukuliwa kwa dharura.

Katika sheria hiyo ya 1989, kulazwa bila hiari kulikuwa na kikomo cha miezi sita, na muda huo ungeweza kuongezwa. Kwa upande wa dharura, afisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi, chifu au hata naibu wa chifu alipewa uwezo wa kumchukua mtu anayeamini kuwa ni mgonjwa wa akili na ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine. Alitakiwa kumfikisha hospitalini ndani ya saa 24, na hospitali ikapewa hadi saa 72 za kumchunguza. Tazama, basi: miaka zaidi ya arobaini baada ya mgogoro wa Kimilili, chifu alikuwa bado ndani ya sheria, ila sasa saa zilihesabiwa.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda wagonjwa wa akili. Moja ya kanuni hizo yakataza ugonjwa kuamuliwa kwa sababu ya siasa, hali ya kijamii au dini ya mtu, na yasema kwamba kutofuata maadili au imani zinazotawala katika jamii kusiwe kigezo. Kanuni hiyo iliandikwa dunia ikikumbuka wapinzani wa Urusi ya Kisovieti waliofungiwa hospitalini, lakini ingeweza kabisa kuandikwa kwa ajili ya Kimilili. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kila mtu, na marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yaliimarisha haki za mgonjwa na kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma.

Kwa daktari au muuguzi anayepokea wagonjwa Kisumu usiku, haya yote hugeuka kuwa maswali machache. Je, kuna ugonjwa unaoonekana, au kuna ugomvi wa shamba tu? Je, hatari inatokana na ugonjwa huo, na ni ya karibu, au ni hofu ya majirani? Je, mtu huyu anaweza kueleweshwa akakubali mwenyewe? Je, hakuna njia nyepesi zaidi, kama vile dawa na kurudi nyumbani chini ya uangalizi wa jamaa? Na nani amemleta, kwa faida ya nani?

Swali hili la mwisho halimo katika vitabu vingi, lakini ndilo ambalo lingemsaidia Masinde. Mvuvi wa Dunga au wa Usenge anayeletwa na kaka zake wiki ambayo mashua ya baba inagawanywa anahitaji daktari atakayewasikiliza ndugu, kisha awaombe watoke nje, amsikilize na mgonjwa peke yake.

Upande wa pili wa mizani hauwezi kupuuzwa. Wako watu wanaojinyonga au kuwadhuru watoto wao kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwalaza. Wako wanaofungwa minyororo nyumbani kwa miaka mingi au kupelekwa kwa waombezi wasiowapa chakula, kwa kuwa familia iliogopa hospitali. Sheria inayomwogopesha daktari asitie sahihi kamwe huwaua hao. Uwezo wa kumlaza mtu bila hiari yake ni wa lazima, kama uwezo wa kukata mguu uliooza. Hakuna anayependekeza uondolewe.

Kinachotakiwa ni kwamba anayeutumia aandike sababu zake kwa maneno ambayo mtu mwingine, asiye mwajiriwa wa bosi yule yule, anaweza kuyasoma na kuyapinga. Jambo hilo halikuwepo mwaka 1945. Chifu, hakimu na daktari walikubaliana, na mcheza kandanda aliyekataa kung'oa magugu akakaa miaka miwili kati ya wagonjwa, mbali na nyumbani, pasipo mtu wa kumuuliza daktari ameona nini hasa.